Siye Benye Tulishikaka Shuka

Marie-Jeanne hapigake hodi. Tangu amekuwa jirani yangu, miaka makumi tatu sasa, anasimamaka ku lupango, ku fensi ya kiwanja yangu, na kuita kama mutu anafukuza nyani mu shamba. Siku tatu mbele ya Noël, siku kuu ya Krismasi, akaita:

— Kavugho! Kavugho weee! Nimekuona ku kikuta!

Nilikuwa nachagua maharagi. Sikusimama.

— Kikuta ya nani?

— Ya ile salle kwenyi bamepandisha mafoto ya zamani. Exposition! Mama yangu iko pale, amevaa kikwembe ya harusi, anapendeza kabisa. Na weye uko pembeni yake, bila kiatu, mahindi imejaa mu kinywa!

— Uongo. Miye sijapigwaka foto mu maisha yangu, isipokuwa ile ya carte d'électeur ya kupigia kura, na ile haiko foto, ni azabu.

— Basi uko na pacha, akasema, na akaenda akicheka peke yake mu njia.

Yeye ni Katolika, miye ni Protestanti, na siku anapata kitu ya kunicheka anaifurahia kuliko nyama ya siku kuu.

Ninyi benye munasoma, munijue kwanza. Nilizaliwa Masereka, nimezeeka Butembo, niko na miaka makumi saba na mbili. Ku kanisa yetu niko prezidenti ya bamama, mwaka ya kumi na moya sasa, na hakuna mwenye amejaribu kukamata ile kiti. Ni miye njo ninaambiaka basichana bashushe jupe ifunike magoti. Ni miye njo nilisema mu mukutano, mbele ya bibi ya pastore, kama mama wa heshima hatafunake mu barabara. Donc munaelewa.

Nikavaa bikwembe ya kanisa, nikafunga kitambala ya kichwa, nikatia makasi ya kushona mu sakoshi juu mutu hajue ya mbele, nikapanda moto, pikipiki ya kubeba batu.

Salle yenyewe ilikuwa darasa kubwa ya masomo. Batoto balikuwa mu vakansi, mabanki ya kukalia imetoshwa inje. Kwetu Butembo, mbele ya Noël batu banazungukaka sana: kununua muchele, kusukisha batoto, kupaka nyumba rangi. Mwaka hii bakaongeza kazi ingine, kuenda kutafuta bazazi babo ku kikuta. Balikuwa banaingia na kuku mu kwapa, banaingia na mifuko ya soko, na mbele ya kila foto kulikuwa makelele.

— Angalia, ni baba!

— Hapana, ni baba mudogo. Baba hakukuwaka na masikio kama ile.

— Masikio ni yako pia, kaa kimya.

Mafoto ilikuwa kubwa kama mulango ya kabati. Mu katikati, batu ba milima yetu, ba Masereka na ba Lubero, bamesimama na nguo ya siku kuu, bamekaza uso. Nyuma yabo, shuka moya ya maua. Na pembeni ya shuka, upande ya kushoto, miye. Upande ya kuume, Kaswera.

Mu kila foto. Yote.

Niwaeleze namuna kazi ilikuwaka. Maliro alikuwa fotografe hapa Butembo, wakati ya Zaire. Alikuwa na studio, mais feza haikuwaka mu studio, ilikuwa ku milima, wakati batu bameshauzisha biazi na maharagi. Basi kila mwezi ya kumi na mbili alipanda na pikipiki yake. Batu ba kule balitaka foto kama ya muji, nyuma pasafi, hapana ng'ombe na moshi ya jikoni. Akaleta shuka. Akaifunga ku miti mbili. Mais upepo ya Masereka haipigake, inaibaka. Shuka ikaruka mupaka mu maharagi ya mutu, na Maliro nyuma yake anakimbia, kofia naye ikaenda njia yake.

Njo akatafuta basichana babili ba mikono murefu. Miye na Kaswera, mutoto ya jirani yetu. Miye nilikuwa nashika pembe ya kushoto, yeye pembe ya kuume, tumesimama juu ya mawe. Na bibi ya Maliro, mama Rébecca, alikuwa anatembea na siye kila mahali, musiwaze mambo ingine. Tulifanya ile kazi mivuno tano.

Siku ya kwanza Kaswera alijificha nyuma ya shuka juu ya haya. Maliro akakasirika:

— Hapana kujificha, shuka inapinda! Simama muzuri. Ninyi hamutaonekana, nitabakata mu karatasi.

Na alisema kweli. Alipoleta mafoto, ilikuwa tudogo kama mukono, na pembeni nyeupe ya meno meno. Katikati, batu na shuka. Siye, hakuna hata ukucha. Tulitafuta sana, hatukujiona. Tangu ile siku hatukuogopa tena kitu. Katekista akisimama kidevu juu, Kaswera naye kidevu juu. Bibi-harusi akikataa kucheka, miye namukunjia pua mupaka ashindwe. Njaa ikiuma, mukono moya ku shuka, mukono ingine ku mahindi. Kwani nani ataona?

Sasa Maliro alikufa, na mujukuu yake Élysée, musichana mwenye alisoma mambo ya foto, akafungua sanduku ya chuma, akakuta mafilme yote ya babu yake, na akatosha mafoto nzima nzima bila kukata. Makumi ine na moya. Nilizunguka nikihesabu. Mu makumi ine na moya, nilikuwa nimefunga kinywa mu tatu.

Élysée akaniona nimesimama pale. Akaangalia kikuta, akaangalia miye, akaangalia kikuta, akaniita mukaka, kama banaitaka mama ya mama:

— Mukaka! Ni weye! Ni weye wa kushoto! Wasingya, aksanti kwa kuya, tumekutafuta kila mahali!

— Nani alikupa ruhusa?

— Ya nini, mukaka?

— Ya kuniweka bila kiatu mbele ya Butembo.

— Mais mukaka, njo uzuri yake! Batu banasimama ku bale ba pembeni kuliko ku bale ba katikati.

— Banasimama juu banacheka. Kata.

— Kukata?

— Babu yako alituahidi. Alisema atatukata. Miaka makumi tano nalala na ile ahadi. Weye ni damu yake, basi maliza kazi, nikasema. Nikatosha makasi mu sakoshi, nikaiweka ku meza.

Hakucheka. Alikuwa mutoto wa adabu, niseme kweli. Aliangalia makasi sana, kama mutu banamuletea bwana mwenye hamupende.

— Hapa bameshaona, mukaka. Mais tarehe makumi mbili na munane tunapeleka mafoto Beni, tutapandisha kule mupaka Bonane, siku ya mwaka mupya. Nitafunika pembeni yote mbili na karatasi nyeusi. Makasi hapana, tafazali.

— Nitakuya kuhakikisha.

— Mukaka, Beni ni mbali.

— Kilometa makumi tano na ine. Miye nilipanda milima na miguu, nikibeba kiti ya batu bengine kukalia.

Noël ikapita. Kuku ilikuwa muzuri, bajukuu bakakula, Marie-Jeanne akaniletea sambusa juu ya amani, na akauliza kama mahindi ya zamani ilikuwa tamu. Mais kulikuwa neno moya sikumwambia Élysée, na ilikuwa inanifwata jikoni.

Kila mwisho ya kazi, Maliro alikuwa anatuita: «Sasa ninyi babili, kuyeni katikati. Nibapige moya, bure.» Kaswera alikuwa anakimbia palepale. Na miye nilikuwa namushika kikwembe kwa nyuma.

— Hapana bila biatu, Kaswera. Batu batasema tulikuwa batumishi.

— Si atakata miguu, Kavugho! Apige juu tu!

— Nimesema hapana. Mwaka kesho tutakuwa na biatu.

Alinisikia juu nilimupita mwaka moya na juu niko na kinywa. Mivuno tano, mara tano. Kisha yeye akaolewa Beni, miye nikaolewa Butembo, na Kaswera akashikwa na ugonjwa, akakufa, mutoto yake Jokébed akiwa na miaka mbili. Siku ya kumuzika, bwana yake alitafuta foto ya kuweka ku meza mbele ya batu. Haikukuwako. Nilikuwa pale nimekaa, na biatu mu miguu. Sikufungua kinywa.

Na sasa Kaswera alikuwa ku kikuta mara makumi ine na moya, na miye nilifikiria kisigino yangu.

Tarehe makumi mbili na munane tukapanda gari, Élysée mbele, miye nyuma na mafoto imefungwa mu mablanketi. Nilikuwa nimeangalia moya moya kabla ya kufunga: karatasi nyeusi kushoto, karatasi nyeusi kuume, scotch ya kubandika imekazwa. Ilibaki tu bidole yetu, juu ku pembe ya shuka, kwenyi karatasi haikufika. Ku bariere ya njia, musoldat akasimamisha gari, akafungua blanketi.

— Mama, hii bidole ni ya nani?

— Ni ya mutu mwenye anataka kufika Beni mbele jua haijakuwa kali. Funika.

Akafunika. Élysée alikohoa mupaka tulipita daraja.

Beni ni joto. Mutu wa Butembo akifika pale anavuliwa sweta na jua yenyewe. Salle ilikuwa karibu na kwenyi banaanikaka kakao, harufu inaingia ku madirisha. Batu bakakuya mingi, ni siku za vakansi, na bengi ba Beni ni batoto ba milima benye balishuka kutafuta mashamba. Mambo ikawa kama Butembo: baba, baba mudogo, masikio. Hakuna mwenye alicheka pembeni. Nilikaa ku kiti karibu na mulango, nimekunja mikono, nimetulia.

Kisha Jokébed akaingia.

Nilimujua palepale, hata kama kulikuwa miaka mingi. Ni mutu muzima sasa, anauzishaka kakao, alikuwa na mabinti yake babili, bote batatu kikwembe moya ya siku kuu. Akaniona, akaniangukia ku shingo.

— Mama mukubwa Kavugho! Nilisikia ku radio kama mafoto ya Maliro iko hapa. Baba aliniambiaka kama mama alitembea na Maliro ku kazi. Nikasema, mutu anatembea na fotografe miaka tano, hawezi kukosa hata foto moya, si ni vile?

— Karibu, mwanangu.

— Uso yake siijue. Niambie, nitamujua na nini?

Nikasema: «Angalia tu.»

Ile neno niliitosha miye mwenyewe, mu kinywa yangu.

Akazunguka. Polepole, foto kwa foto, na mabinti nyuma. Mbele ya kila mwanamuke alikuwa anasimama, anakaribisha uso mupaka pumzi inagusa karatasi.

— Mama mukubwa, ni huyu?

— Hapana.

— Huyu wa kikapo?

— Hapana.

— Mama, ule iko na pua kubwa, binti mudogo akasema. Twende ku ingine.

Alimaliza salle nzima. Akarudilia. Mara ya pili hakuuliza tena, alikuwa anaangalia tu, na nilimuona anakaza kikwembe kama mutu anajitayarisha kurudi kwake. Mara ya tatu akasimama mbele ya foto ya muzee Lusenge wa Masereka, tajiri ya biazi, mwenye alipigwa foto pamoja na mbuzi yake mbili, moya kila upande. Jokébed hakuangalia muzee. Hakuangalia mbuzi. Akainua kidole, akagusa juu, ku pembe ya shuka.

— Na hii mikono?

Élysée akaniangalia. Hakujua Jokébed ni mutoto ya nani, mais aliona uso yangu.

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na ile neno tayari. Nikasimama ku kiti, na magoti ikalia batu bote bakasikia.

— Hii ya kuume, nikasema, ni ya mama yako.

Jokébed akaweka mukono yake juu ya ile mukono. Bidole ilifanana kabisa, hata ile kidole ya katikati yenye kupinda kidogo. Mabinti yake nao bakainua yabo, bakalinganisha.

— Na uso?

— Uso iko chini ya karatasi.

— Nani alifunika?

Salle nzima ikageuka kuniangalia. Hata bale ba masikio.

— Ni miye.

Sikungoya aniulize juu ya nini. Nikatia ukucha chini ya scotch, nikavuta. Karatasi ya kuume ikatoka na kelele.

Kaswera alikuwa pale, juu ya jiwe yake, miaka makumi mbili na moya, kichwa nyuma, meno yote inje, na ule mwanya katikati ya meno ya mbele. Alikuwa anacheka mupaka shuka ilishuka upande yake.

— Mama, ni weye! binti mukubwa akapiga kelele. Ni meno yako!

Jokébed alisimama vile, mukono mu kinywa, machozi inapita juu ya bidole. Kisha akapangusa uso, akakaribia, akafwata macho ya mama yake na kidole: ilipita juu ya kichwa ya muzee Lusenge, ikaenda, ikafika ku karatasi nyeusi ya kushoto.

— Anacheka na nani?

Na kweli, mutu angesema ni kichaa, anacheka na karatasi. Kaswera alikuwa na akili yake yote mupaka siku ya mwisho. Singemuacha vile mbele ya mutoto yake.

Nikavuta karatasi ya kushoto.

Basi Beni nzima ikaniona. Nimepinda kama mutu anaumwa tumbo, kikwembe inataka kuanguka, macho imefungwa na kicheko, na mukono moya tu bado inashika pembe ya shuka. Kila mutu akaangalia foto, kisha akaangalia miye, na bikwembe yangu ya kanisa. Nikakaza shingo. Jokébed akaniangalia sana. Kisha akacheka, na ilitoka mu koo ileile, kicheko ya Kaswera yenye sikuisikia tangu niko musichana. Nilitafuta mahali pa kuweka uso yangu, nikakosa, nikacheka na miye.

— Mulikuwa munacheka nini, mama mukubwa?

— Angalia muzee Lusenge. Iko na ndevu?

— Iko nayo.

— Na mbuzi?

— Yote mbili.

— Basi mama yako aliniuliza polepole, Maliro ameshafunga jicho ku mashini: «Kavugho, mu hii ndevu tatu, ni gani njo inalipa?»

Salle ikaanguka na kicheko. Mutu moya alikaa chini. Kutoka pale mabinti ya Jokébed na Élysée balizunguka bakitosha karatasi, na miye nyuma yabo nikieleza: huyu alilia, huyu aliazima koti, hapa Kaswera anaiga kidevu ya katekista. Mujukuu ya ule katekista alikuwa pale, akacheka kuliko bote. Ile foto ya mama ya Marie-Jeanne tu, nilikataza baiguse upande ya kushoto.

Jokébed akarudi ku foto ya mbuzi. Akaomba ile, na Élysée akaahidi kumutoshea yake mwenyewe kabla ya Bonane, bure. Kisha akainama, akasema kwa adabu:

— Mama Jokébed, mukitaka, naweza kutosha ule muzee wa katikati. Ku ordinateri, kompyuta yangu, ni kazi ya dakika moya. Nitakaribisha mama yako na mukaka, babakie babili tu.

— Ni muzuri, Jokébed akasema. Juu batu batauliza kama ule ni baba yangu.

— Hapana, nikasema miye. Hapana kukata mutu. Alilipa kitunga nzima ya biazi, na alisimama pale bila kutikisika na mbuzi zinakula koti yake. Abaki.

— Mukaka, Élysée akasema, ni weye njo unasema hapana kukata?

— Ni miye. Uko na shida?

Hakukuwa na shida.

Siku kuu ya Bonane niliikula kwa Jokébed, nilikataa kurudi mupaka foto ipandishwe mbele yangu, na nilirudisha fundi mara tatu juu ilikuwa inapinda. Iko pale mu salon yake, juu ya mulango ya chumba, kubwa, muzee Lusenge mu katikati na mbuzi yake mbili. Bageni banaingia, banakaa, banainua macho, banauliza ule muzee ni nani mu jamaa.

— Huyu? Jokébed anabajibu. Huyu ni mutu tu. Alisimama mbele ya mama.